Maporomoko ya Kiangazi

Walikutana sokoni, kwenye rundo la viatu vya mitumba, enzi zile simu bado za vitufe. Mpiga picha wa harusi alikuwa ameshika buti la kushoto la kupandia milima. La kulia lilikuwa mkononi mwa muuguzi mwenye gauni la buluu lililopigwa pasi likanyooka.

"Dada, hilo ni langu."

"Kaka mzima una mguu mdogo hivyo?"

Kweli alikuwa na miguu midogo, na ilimtia haya. Wakacheka, wakachanga wakanunua, kila mmoja akaondoka na buti moja ili asiende mtu korongoni peke yake. Upumbavu mtamu wa watu wanaoanza kupendana.

Korongo hilo lilikuwa nje ya mji, na ndani yake maporomoko. Mpiga picha aliyataka wakati wa masika, maji yakinguruma, maana hapo ndipo alipopanga kumchumbia. Pete ilikuwa tayari kwenye mkoba wa kamera.

"Mpenzi, mvua zimeanza. Jumamosi twende?"

"Si sasa, mpenzi wangu. Tungoje kiangazi."

"Kiangazi kuna nini, mawe?"

"Mawe nayo mazuri."

Masika yaliyofuata jibu likawa lile lile. Mpiga picha akashindwa kuvumilia.

"Sema tu kwamba hunitaki."

"Lala salama," muuguzi akasema, akakata simu. Usiku ule alilia, na mwenzake hakujua.

Mvua zikakatika, wakiwa hawajaonana. Dada yake mpiga picha, aliyegawa dawa katika hospitali ile ile ya muuguzi, ndiye aliyechoka kumwona kaka yake amenuna.

"Wewe nawe kichwa kigumu. Kabla hamjajuana, masika, aliletwa kijana aliyezolewa na maji korongoni. Alimfia mwenzio mikononi."

"Mbona hakuniambia?"

"Ya wodini hayabebi kwenda nyumbani. Ndivyo alivyo."

Mpiga picha akashika simu, akampigia muuguzi.

"Buti langu linamwulizia mwenzake."

"Mwenzake yupo," muuguzi akajibu. "Ana vumbi tu."

Wakaenda kiangazi. Mabuti yote mawili alivaa muuguzi, na mpiga picha akaja na raba zake zilizochoka. Maporomoko yalikuwa membamba, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye birika.

"Umeyaona maporomoko yako?" muuguzi akamtania. "Pole."

Mpiga picha akapiga goti juu ya mawe makavu, akatoa pete iliyokaa mkobani misimu miwili, akamwomba awe mke wake. Hakuhitaji kupaza sauti.

Muuguzi akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Masika nisingesikia hata neno moja," akasema. "Hebu rudia."

Akarudia. Naye akasema ndiyo, kwa sauti ndogo, akijua itasikika.