Disiki Sita kwa Moja

Mama Ntumba, jirani wa nyumba ya pili, anasimulia habari hii kwa namna yake. Anasema Tata Tshibangu alikunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, tangu asubuhi, akatoka nyumbani na shoka, akaenda moja kwa moja mpaka soko la Kapata, akampasua Kyungu kichwa juu ya meza yake ya kuuzia disiki za muziki. Anasema damu ilitiririka mpaka kwenye makapu ya wauza mboga, na watu wakaona ubongo kwa macho yao. Anaisimulia penye bomba la maji huku ndoo ikijaa na kumwagika, na kila akiirudia, shoka linaongezeka ukubwa.

Mbelu, binti wa Tata Tshibangu, alikuwapo. Shoka halikuwapo. Tata yake hakuwa ameonja hata tone la pombe, na kichwa kilichopasuka hakikuwa cha Kyungu. Lakini kila Mama Ntumba alipofika kwenye damu, Mbelu aliinamisha macho kwenye ndoo yake, kwa sababu damu yenyewe ilikuwa ya kweli, na yeye ndiye aliyeileta.

Mwaka huo Mbelu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku zake zilikwenda kwa king'ora cha kampuni ya mgodi. Kikilia cha kwanza, mama yake Tshibola aliwasha moto na tata yake alifunga viatu vyake vya chuma. Kikilia cha pili, Mbelu alikuwa amekwisha kuchota maji na kufagia mbele ya mlango, naye akashika njia ya shule pamoja na rafiki yake Bilonda. Huko walipanga mistari uwanjani, wakaimba na kucheza kwa ajili ya nchi mpaka jasho likawatoka, ndipo wakaingia darasani.

Ilikuwa miaka ile ya majina, serikali ilipoamuru watu waache majina ya Kizungu. Bilonda mwenyewe zamani aliitwa Valérie, na mtoto aliyekosea akamwita hivyo alisimamishwa mbele ya wenzake. Mwalimu alisema majina ya wakoloni ni uchafu wa kutupwa nje ya nyumba. Watoto walilishika neno hilo kama watoto wanavyoshika, yaani kwa nguvu na kwa upande mmoja.

Chini ya kitanda cha Tata Tshibangu kulikuwa na sanduku dogo la ngozi lenye kufuli la shaba. Ndani yake mlikuwa na disiki sita za zamani, nzito, zile za kuvunjika kama sahani. Moja kati ya hizo ilikuwa na sauti ya kaka yake, Tata Kalenga. Alipokuwa kijana alipiga gitaa katika makambi ya wachimbaji, na siku moja Mzungu mmoja alifika na gari lenye mashine ya kunasa sauti, akamkalisha juu ya kreti ya bia, akamwambia apige. Kwenye karatasi nyekundu ya katikati waliandika: Louis Kalenga na gitaa lake.

Tata Kalenga alikufa shimoni. Ukuta wa mawe ulimwangukia yeye na mashine yake, na walipomtoa, Tata Tshibangu alimtambua kwa mkanda tu, maana uso haukuwapo tena. Mjane wake, Mama Kanku, alivaa nguo nyeusi, akarudi kulima huko Sandoa. Katika ukoo wao, sauti ya marehemu haipigwi nyumbani mpaka kilio cha mwaka mmoja kimalizike. Siku mjane anapovuliwa nguo nyeusi, anaomba jambo moja, nao wenye nyumba hawamnyimi. Kila mtu alijua Mama Kanku ataomba nini. Kwa hiyo sanduku lilifungwa, likasukumwa chini ya kitanda, likangoja.

Mbelu naye alijua. Lakini mwaka ni mrefu kwa mtoto, na kitu kisichoonekana ni rahisi kukisahau. Zaidi ya hayo, aliuonea haya muziki ule. Gitaa moja kavu na sauti ya kupitia puani, mtu anaimba juu ya baiskeli yake iliyopotea. Siku moja, kabla ya kilio, Bilonda aliwauliza wasichana wengine kama wanajua nyumbani kwa Mbelu wanacheza nini, kisha akainama, akashika kiuno kama mzee, akatembea hivyo mpaka mlango wa darasa. Walimcheka Mbelu wiki nzima.

Mwaka wa kilio ukiendelea, ilifika kutoka Kinshasa disiki moja kubwa ya nyimbo nane. Kwenye jalada lake kulikuwa na vijana waliovaa suruali pana kama sketi. Ilipigwa katika kila baa, na wasichana waliimba maneno yake bila kuyaelewa. Kyungu, mwuza disiki wa sokoni, alikuwa na moja iliyopigwa kidogo tu. Mbelu alisimama mbele ya meza yake kila alipotumwa chumvi, mpaka Kyungu akamwuliza kwa utani kama ametumwa kuilinda.

Kisha akamwuliza nyumbani kwao kuna nini cha kubadilisha.

Jioni moja Mbelu alilivuta lile sanduku, akalifungua kwa ufunguo aliojua unapofichwa. Aliitazama karatasi nyekundu, akaliona jina Louis, na moyo wake ukamletea hoja aliyokuwa akiitafuta: hili ni jina la mkoloni, ni uchafu wa kutupwa, mwalimu amesema. Hoja hiyo ilimtosha mpaka sokoni. Kyungu alimwuliza kama bitu hibi ni byake kweli. Akajibu ni vyake, tata yake amempa. Kyungu hakuzitazama disiki hata mara mbili. Alichotaka ni sanduku, kwa ajili ya kufuli lake la shaba, naye akampa Mbelu ile disiki ya nyimbo nane.

Kwa mwezi mmoja Mbelu alikuwa malkia. Wasichana walijaa kwao kila Jumamosi tata yake alipokuwa kazini, na mama yake aliambiwa disiki ni ya kuazima. Bilonda alimfuata kama kivuli. Mwezi wa pili walikuja wachache. Mwezi wa tatu ikafika disiki nyingine, ya orkesta nyingine, yenye dansi ya kurusha mabega, na Mbelu alipoiweka yake, Bilonda alikunja uso akamwambia, "Ile ni ya zamani, ndugu. Hiyo batu bazima njo banacheza." Yaani ni muziki wa watu wazima.

Mbelu aliisikiliza peke yake siku hiyo. Nyimbo zile zile nane. Hata yeye hakuona tena ni kitu gani kilichomtoa usingizi. Alizima mashine ya disiki katikati ya wimbo wa tatu. Jambo lililomtisha ni kwamba alipokuwa akiosha vyombo, wimbo uliomjia mdomoni ulikuwa ule wa baiskeli iliyopotea.

Kisha habari ikaja kutoka Sandoa kwamba mwaka umetimia. Mama Kanku amekwisha kupanda lori.

Tata Tshibangu alipiga magoti ili atoe sanduku alifute vumbi. Mkono wake ulikwenda mpaka ukutani ukarudi mtupu. Akakivuta kitanda chote. Akasimama katikati ya chumba, akauliza kwa sauti ndogo nani ameingia humu. Mbelu alikuwa mlangoni. Kinywa chake kilikuwa wazi na neno lilikuwa tayari, lakini mama yake akasema, bila kujua anawasha nini, kwamba ameona sanduku kama lile sokoni, juu ya meza ya Kyungu, anawekea sindano za mashine za disiki.

Tata Tshibangu hakuuliza tena. Alitoka mikono mitupu.

Mbelu alimkimbilia nyuma. Njia nzima alijiambia kwamba atasema wakifika kwenye miembe, kisha atasema wakifika kwa fundi baiskeli. Walipofika sokoni, tata yake alikuwa amekwisha kumkamata Kyungu kwenye kola.

"Mwizi," alisema. "Unaiba mpaka sauti ya maiti."

Kyungu alimjibu kwamba yeye si mwizi, na kwamba watu wa kampuni wamezoea kuwatukana wengine. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni kabla hajamaliza. Alianguka juu ya meza, na meza ikavunjika, disiki zikamwagika chini, watu wakazikanyaga. Tata Tshibangu alimkalia kifuani akampiga, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kama mtu anayevunja mawe. Jino lilitoka. Mbelu aliliona likiwa jeupe juu ya vumbi. Akafungua kinywa, akaogopa, akakifunga.

Ndipo mdogo wake Kyungu, anayeitwa Kisimba, akatokea kutoka kwa fundi na mnyororo wa baiskeli. Aliuzungusha mara moja. Ulilia hewani, ukamshukia Tata Tshibangu kichwani. Ngozi ilifunguka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye nyusi, na jicho moja likafunikwa na damu. Alijaribu kusimama, Kisimba akampiga mgongoni, akapiga magoti. Wanaume walikuwa wamesimama duara wakitazama. Mwanamke mmoja mwuza samaki wa chumvi aliwamwagia maji ya samaki ili waachane, lakini hawakuachana. Kisimba aliinua mnyororo tena, na safari hii alikuwa akilenga shingo.

Mbelu aliingia katikati. Hakumbuki aliingiaje. Mnyororo ulimpata begani, ukamwangusha juu ya tata yake.

"Tata, ni mi," alisema. "Ni mi njo nilimuletea. Nilimudanganya kwamba ni bitu byangu."

 Kisimba alishusha mkono. Tata Tshibangu alimtazama binti yake kwa jicho moja lililokuwa bado linaona, na Mbelu angependa zaidi mnyororo urudi kuliko kutazamwa vile.

Kyungu alikaa, akatema damu. Hakutukana. Aliuliza ni sauti ya nani waliyokuwa wakiisema. Alipoambiwa, aliinuka polepole, akakung'uta sanduku, akaweka ndani disiki nne zilizosalia. Ya tano ilikuwa imekanyagwa vipande. Kisha akaenda kwa mwuza karanga aliyekuwa jirani na meza yake, akamwomba bakuli, akamwaga karanga mezani. Lilikuwa bakuli jeusi lenye ukingo wa mawimbi, la aina ile wanayotengeneza kwa kuiweka disiki ya zamani katika maji ya moto mpaka ilegee, halafu kuikunja juu ya chungu. Chini kabisa, ikiwa na mafuta na maganda mekundu, kulikuwa na karatasi: Louis Kalenga na gitaa lake.

"Mi sikujua, tata," Kyungu alisema. "Mungu ananiona."

Tata Tshibangu alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Damu yake ilidondoka ndani.

Kule zahanati walimshona kichwa bila dawa ya ganzi, maana ilikuwa imekwisha, na Mbelu alimshikia taa. Alijua atapigwa wakifika nyumbani. Tata yake alipoingia alivua mkanda kweli. Alimpiga mara moja tu, kwenye bega lile lililoumia, kisha mkono ukamwanguka kama si wake. Akaichukua ile disiki ya nyimbo nane, akaivunja gotini. Kipande kilimkata kiganja. Akakaa chini, akaangalia damu mpya, akasema amechoka na damu.

Kesho yake alikwenda na Mbelu kwa Kyungu, kila mmoja na kosa lake. Mbelu alisema uongo wake, na ile hoja ya mwalimu, mbele ya watu walewale wa soko. Tata Tshibangu aliomba msamaha kwa jino, Kisimba akaomba msamaha kwa mnyororo, na wao wawili wakaitengeneza meza kwa misumari ya kampuni. Njiani kurudi, tata alipunguza hatua ili binti amfikie.

"Nitakuambia kitu," alisema. "Mi pia nilimucheka kaka yangu. Nilipokuwa kama wewe, nilitaka muziki wa gramofoni ya Wazungu, wenye tarumbeta. Akichukua gitaa, mi ninatoka inje. Miaka ikapita, masikio yangu yakageuka yenyewe, na nilipoanza kumupenda alikuwa chini ya mawe. Masikio yanageuka, Mbelu. Yako yamegeuka mara mbili mwaka huu, na yatageuka tena. Si kosa. Kosa ni kutoa kitu cha watu wote ili ushibishe masikio ya mwezi mmoja. Na kosa kubwa ni kunyamaza wakati neno lako moja lingezuia damu. Siku ukitaka kitu mpaka unajitafutia maneno ya mwalimu ya kukisaidia, ujue kwamba umekwisha kujua ni kibaya."

Mbelu aliitika. Hakulia, kwa sababu aliona kulia ni kujihurumia.

Mama Kanku alifika siku ya tatu, mwembamba, na vumbi la Sandoa kwenye nyusi. Wanawake walimwosha, wakamvua nguo nyeusi, wakamvika kitenge cha njano. Alikula kidogo. Aliona nyuzi kwenye kichwa cha shemeji yake, lakini hakuuliza. Katika nyumba ya kilio mtu haulizi kuhusu majeraha. Watu wa ukoo walikaa ukutani, mikono juu ya magoti. Tata Tshibangu alikuwa ameweka mashine juu ya meza, na kando yake sanduku, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kupanga chumba. Bakuli alikuwa ameliweka juu ya kabati, limeoshwa, limefunikwa kitambaa cheupe. Alikuwa amemwambia Mbelu kwamba jambo la disiki atalisema Mbelu mwenyewe, yeye hatamsemea.

Mama Kanku alimwita msichana karibu, akamshika kidevu, akasema amekuwa mkubwa, ana macho ya baba mukubwa wake. Kisha akafumba macho yake, akajiegemeza ukutani, akavuta kitenge vizuri juu ya magoti kama mtu anayejiandaa kupokea mgeni.

"Mwaka muzima nilivumilia," alisema. "Sasa, mwanangu, niwekee ile ya baiskeli. Nimusikie."

Mbelu alisimama katikati ya meza yenye mashine na kabati lenye bakuli. Chumba chote kilimgeukia.