Mwalimu Aliyembatiza Mchumba Wake

“Na ile ruhusa, Theodory?”

Silvana aliuliza huku akikaza kamba ya mfuko wa unga wa ulezi, wala hakuinua uso. Theodory alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yake, viatu mkononi, maana viatu vile vilikuwa vya kuingilia vijijini, si vya kutembelea njiani. Kule nje vijana wa misheni walikuwa wameshaanza kupiga ngoma kumwita mwalimu wao.

“Si nimekwambia iko kwa Askofu? Kutoka kwa Askofu inakwenda Roma. Roma si Mwimbi hapo jirani, Silvana.”

“Hiki ni kiangazi cha tatu unanijibu Roma.”

“Mambo ya Kanisa hayasukumwi.”

“Sisukumi. Nauliza.”

“Kuuliza kila siku ndiko kusukuma.”

Silvana aliuweka mfuko chini. Alikuwa amejiapiza kwamba safari hii hatamwacha aondoke kwa maneno mepesi.

“Basil wa Namanyere ameleta mshenga kwa baba.”

“Basil yupi?”

“Yule seremala anayefanya kazi hapa misheni, aliyefiwa na mkewe. Baba amesema atamjibu ukirudi kutoka ziwani. Ukirudi na ruhusa, Basil ataambiwa atafute kwingine. Ukirudi mikono mitupu, baba atamkubalia. Amechoka, Theodory, na mimi sina tena la kumwambia. Pita kwa padri leo, nakuomba.”

“Nitapita. Njia yetu si inapita misheni?”

Akamshika mkono, akamwambia anampenda, akamwambia kiangazi kijacho atakuwa mke wake nyumbani kwake. Kisha akavuka ua kwa hatua zake ndefu, na ngoma ikachachamaa.

Msomaji asije akadhani Silvana alikuwa mjinga. Theodory alikuwa mtu mwepesi kupendwa. Alikuwa katekista wa vijana, na ile sauti yake ilijulikana vijiji vyote. Mvua zikikatika na njia zikikauka, aliwakusanya vijana wa misheni, wakateremka milima mpaka Kasanga, wakaambaa na Ziwa Tanganyika kijiji hadi kijiji, wakifundisha nyimbo na katekisimu, wakiezeka nyasi makanisa ya vigango, yale madogo yaliyo mbali na misheni, ndipo wapande tena Ufipa kabla mvua mpya hazijaanza. Kila walikofika watoto waliwapokea mbali, na akina mama wa kijiji walichinja kuku. Huko nyuma Silvana alibaki na Mama Agnesi, mama yake Theodory, mjane mwenye magoti mabovu. Alimvunia ulezi na maharage yake, alimchotea maji, alimkandikia ukuta. Kazi zote za mkamwana alizifanya, isipokuwa kuolewa.

Na kilichozuia ndoa hiyo, ukikisikia, utashika kichwa kama kijiji kizima kilivyoshika.

Miaka ile Silvana alikuwa bado mkatekumeni. Alikuwa anasoma dini lakini muda wa kubatizwa haujatimia, na ndoa ya kanisani ilikuwa ikingoja ubatizo huo. Mwezi wa baridi kali akashikwa na kichomi. Theodory alikuwa safarini. Alipopata habari alipanda mlima mchana kutwa, akafika na kumkuta mchumba wake anahema kwa shida, macho yameshageuka. Josefina, shangazi yake Silvana, Mkristo wa siku nyingi, alikuwa ameshika kata ya maji tayari kumbatiza mgonjwa kabla hajakata roho.

Sheria ya Kanisa ya wakati ule ilikuwa wazi. Anayembatiza mtu anakuwa mzazi wake wa kiroho, na mzazi haoi mwana. Ndiyo maana makatekista walifundishwa kwamba mtu asimbatize mchumba wake kama kuna mwingine wa kumwaga maji. Theodory aliijua sheria hiyo, mwenyewe aliwafundisha wengine. Lakini alipomwona Silvana anamponyoka alisahau kila kitu, akamnyang'anya shangazi kata na kumwaga maji kwa mkono wake, analia, anamwita kwa jina jipya alilokuwa amejichagulia, Silvana.

Silvana akapona. Watu wakamshukuru Mungu, kisha wakatazamana.

Theodory alikwenda misheni, akarudi na neno moja: kizuizi kipo, ila Roma yaweza kutoa ruhusa, naye ameshaiomba. Basi wakaanza kusubiri. Nani angemwuliza mara mbili mtu aliyelia vile?

Wiki kadhaa baada ya vijana kuteremka, Silvana na Mama Agnesi walikuwa uani wakipura ulezi. Mama Agnesi alipumzisha fimbo yake, akamtazama binti wa watu anavyotoka jasho kwa ajili ya ghala lake.

“Mwanangu, umewahi kumsikia padri mwenyewe akiitaja hiyo ruhusa?”

“Hapana, mama. Mambo hayo anazungumza na Theodory.”

“Nimemzaa mimi. Theodory hasemi uongo wa kuiba wala wa kusingizia. Uongo wake ni wa kesho. Tangu mdogo, ukimtuma kuni anakuitikia vizuri kabisa, kisha jua linazama.”

“Mama, unataka kuniambia nini?”

“Nakwambia nenda ukaulize mwenyewe. Ulezi huu haukimbii.”

Kesho yake Silvana alivaa nguo yake ya Jumapili akaenda misheni. Alimkuta Padri Mkuu barazani, mzungu mwenye ndevu nyekundu aliyezeekea Ufipa, anavuta kiko chake.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele, amina. Karibu, Silvana. Umekuja kuhusu ndoa?”

“Ndiyo, Padri. Nimekuja kuulizia ile ruhusa yetu. Roma wamejibu?”

Padri akakitoa kiko mdomoni.

“Roma? Ruhusa gani, mwanangu?”

Silvana alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia maneno yake mwenyewe yanavyokosa miguu. Padri alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha kiti. Silvana hakukaa.

“Sikiliza. Kizuizi kipo, ni kweli, lakini ni kidogo. Hakifiki Roma. Mimi namwandikia Askofu, naye anakiondoa. Nilimwambia Theodory siku ile ile alipokuja, nikamwambia aseme tu neno niandike.”

“Na yeye akasemaje?”

“Akasema wazee wenu bado hawajaafikiana. Namwuliza kila mwaka, na jibu ni hilo. Juzi kabla hawajateremka nimemwuliza tena.”

“Akasema bado wazee?”

Padri alikikung'uta kiko chake. Hakupenda kusema, ikaonekana.

“Safari hii alisema ni wewe ambaye hujawa tayari.”

Silvana alihisi aibu kwanza, kabla ya uchungu. Aliona jinsi alivyokuwa akipita mbele ya baraza hii kila Jumapili, na padri akimtazama kama msichana anayeringa. Ndipo uchungu ukaja.

“Kwa nini anifanyie hivi, Padri? Ana mwanamke huko ziwani?”

“Sijasikia hivyo, na mimi husikia mengi. Ila katekista akioa hapa kwetu, nampa kigango, nyumba na shamba, akae na mkewe afundishe hapo. Safari za vijana nampa asiye na mke. Theodory anajua.”

Basi ndiyo hiyo. Afadhali angekuwa mwanamke. Mwanamke mwenzako utamfuata, mtatupiana maneno, mtu atashinda na mtu atashindwa. Sasa njia ya kuteremka Kasanga utaigombeza nini? Silvana alisimama pale akaona miaka yake yote imepitia kwenye njia ile, na mwenye kuipita anapokelewa kwa vigelegele.

“Unataka niandike?” padri aliuliza taratibu.

“Andika, Padri.”

Ruhusa ilifika kabla hawajamaliza kupura ulezi. Silvana alikwenda kuipokea habari yake, akashukuru, akarudi, akakaa na baba yake mpaka wakaelewana. Hakumwambia mtu mwingine ila Mama Agnesi, na Mama Agnesi alilia siku mbili. Alijua anayepoteza ni yeye.

Vijana walirudi mwisho wa kiangazi, vumbi limewafika magotini, wanaimba. Theodory aliingia kwa mama yake amekonda na kuungua na jua la ziwani, akiwa na dagaa wa mama na kanga mpya ya Silvana. Alisimulia bila kupumua. Walikuwa wamemaliza paa la kanisa kule pwani ya ziwa. Watoto wa Kasanga sasa waliimba kwa sauti nne, na watu wamemwomba mwakani akae nao zaidi. Silvana alimwachia aongee mpaka mwenyewe akaishiwa.

“Ulipita kwa padri?” akauliza.

“Nilipita. Wakati wa kwenda, na leo tena nimepita.”

“Anasemaje?”

“Roma bado wanaiangalia. Tuvumilie, mpenzi. Mwakani, Mungu akipenda.”

Mama Agnesi akafumba macho.

“Ruhusa imefika, Theodory.”

Theodory alianza kutabasamu, kisha tabasamu likakwama.

“Imefika kutoka wapi?”

“Kwa Askofu. Niliiomba mimi. Imekuja upesi, tulikuwa hata hatujamaliza ulezi wa mama.”

Kijana yule aliyezoea kuhubiri alikaa kwenye kigoda kama aliyevunjwa miguu. Alimtazama mama yake apate pa kushika. Mama yake hakufumbua macho.

“Silvana, nisikilize. Sikukusudia. Mwaka wa kwanza nilisema niende safari moja tu, nikirudi niombe. Nikarudi nimeshawaahidi watu kwamba nitakwenda tena. Wale vijana nikiwaacha nani atawashika? Wale watoto hukaa njiani kutusubiri. Ni kazi ya Mungu, Silvana.”

“Kazi ya Mungu ndiyo iliyokufundisha kumwambia padri kwamba mimi ndiye sitaki?”

Theodory aliichukua ile kanga mpya, akaanza kuikunja upya.

“Ungeniambia unaipenda safari,” Silvana aliendelea. “Ningekwenda nawe kwa padri tukamwomba twende wote, mimi niwafundishe wasichana. Angekataa, ningesubiri huku najua ninachosubiri. Wewe umenikalisha hapa nikimsubiri Papa. Kila mtu alipoolewa kijijini hapa nilimnung'unikia Papa. Umenifanya nimchukie mzee wa watu ambaye hajawahi kunikosea.”

“Nimekosa. Nakiri mbele ya mama, nimekosa.” Theodory alipiga goti, akataka kumshika mikono. “Lakini ruhusa si hii imekuja? Jumapili ndoa yetu itangazwe kanisani. Safari nitawaachia wengine, nichukue kigango, tukae. Nakupenda, na wewe unajua nakupenda.”

“Najua.”

“Basi?”

“Siku ile ulipomnyang'anya shangazi kata ulinipenda kuliko sheria. Ningekufa siku ile, ningekufa nina mtu wangu. Yule nilimsubiri kwa moyo wote. Nilidhani ndiye anayerudi kila mwisho wa kiangazi.”

“Ni mimi yule yule.”

“Jumapili tutatangazwa mimi na Basil.”

Theodory akainuka.

“Humpendi Basil.”

“Simpendi, bado. Lakini Basil akisema atakuja kesho, anakuja kesho. Nimemwangalia kiangazi chote.”

“Silvana, usifanye hivi kwa hasira.”

“Hasira ilikwisha barazani kwa padri. Ile ruhusa nimemwambia padri aiweke, haina kazi tena. Kwa hiyo kati yangu na wewe limebaki lile moja tu lililokuwepo tangu siku ya kichomi.”

Silvana akapiga magoti pale kwenye udongo, kama binti wa Kifipa anavyopiga magoti mbele ya mzazi wake, akakutanisha viganja na kupiga makofi ya taratibu ya salamu.

“Shikamoo, baba.”

Theodory aligeuka upande wa ukuta. Mlangoni vijana wawili waliomfuata mwalimu wao na mizigo walisimama wakitazama. Salamu ile haiachwi hewani, mtoto mdogo analijua hilo, na Silvana hakuinuka. Aliendelea kupiga makofi yale ya taratibu, ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea mapajani.

“Silvana, nakuomba,” Theodory alisema.

“Shikamoo, baba.”

“Mjibu mtoto wako,” Mama Agnesi alisema.

Theodory aliuacha ukuta. Akafuta uso kwa kiganja, akatazama chini.

“Marahaba,” akasema, na ile sauti iliyojulikana vijiji vyote vya ziwani haikufika hata mlangoni.

Silvana akainuka, akamuaga Mama Agnesi kwa kumshika mikono yote miwili, akaenda kwao.