Presha ya Mathe

Mimi ni Ben, mwanamume wa miaka thelathini na moja, makanika, na nyumba yangu ya kupanga iko mtaa wa Lindi, Kibera, Nairobi. Si mazoea yangu kuanika mambo ya kwetu mbele ya watu. Lakini wasomaji wenzangu, kuna uchafu ambao mtu akikufanyia, unakaa kooni. Huu wangu umekataa kushuka.

Wycliffe ni mtoto wa dadake mama. Mamake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na mama yangu akamchukua, akamlea na sisi. Tumekula sahani moja. Tumelala mkeka mmoja. Nilipopata riziki ya ufundi hapa Nairobi nilimwita kutoka ushago, kijijini kwetu Kakamega, nikamwonyesha spana inavyoshikwa. Tulikuwa tunafanyia kazi kando ya barabara huko Kawangware. Jua letu, mvua yetu, na tope ikifika magotini bado mko chini ya gari ya mtu.

Sasa kulikuwa na tajiri mmoja, Bwana Kamau. Huyu alikuwa na yadi tupu karibu na pale petu. Yadi ya mabati, sakafu ya simiti, geti la kufungwa na kufuli. Aki, kila fundi alikuwa anaitamani hiyo yadi! Siku moja akaniletea gari ambayo alinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Gari ya spoti, ya Kijapani, nyekundu, iko chini karibu ilale barabarani, na taa za mbele zinafumbuka zenyewe kama macho ya chura. Aliipenda hiyo gari kuliko kitu chochote. Tukiigusa na mikono ya mafuta anapiga kelele, "Pole pole na mathe!" Mathe kwa lugha ya mtaani ni mama, basi sisi wote pale tukaanza kuiita Mathe.

Ugonjwa wa Mathe ulikuwa presha ya oil. Ukiiwasha asubuhi, mshale wa geji unapanda kidogo, lakini engine ikipata joto unaanguka mpaka chini kabisa. Bwana Kamau aliniambia hivi, na Wycliffe akiwa amesimama hapo akisikia: nikiiponya Mathe kufikia Jumamosi, mimi ndiye nitashika funguo za ile yadi.

Mnaelewa hiyo kwangu ilikuwa nini? Ilikuwa ni kutoka kwenye tope!

Nikaanza kazi na akili yangu yote. Engine ya hiyo gari si kama hizi tumezoea. Haina pistoni hata moja! Ndani kuna vyuma viwili vya pembe tatu, vinazunguka, na vinapozwa na oil. Oil ikikosa kufika, vinakufa. Tena ni engine inayokunywa oil kidogo kwa kawaida yake, ndivyo ilivyoumbwa. Wycliffe kuona inakunywa akasema palepale, "Ring zimeisha. Tia oil nzito, presha itasimama." Ring za pistoni, kwa engine isiyo na pistoni! Nilicheka, nikadhani anatania.

Kwanza nilitaka kujua kama geji yenyewe inadanganya. Nikafungua ile sensa ya presha iliyo kwa engine, mahali pake nikafunga geji ya mkono, nikawasha. Mshale ukaanguka vilevile. Kumbe ugonjwa ni wa kweli. Oil ilikuwa imejaa, filta ilikuwa mpya. Nikakumbuka fundi mmoja mzee aliyewahi kunieleza kwamba hizi engine zina mpira mdogo wa duara nyuma ya kifuniko cha mbele, mahali oil inapopita. Huo mpira ukilika, oil inatorokea hapo na kurudi chini kabla ya kufika ndani. Nikafungua kifuniko. Nao ulikuwa hapo, umekatika, umelainika kama chingamu ya Big G iliyotafunwa! Nilimwonyesha Wycliffe. Nikarudisha kifuniko bila kukikaza, nikaandika na chaki kwa kioo, USIWASHE, nikapanda mjini kutafuta mpira mwingine. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nilizunguka Grogan, kwa wauza spea, mpaka nikaupata. Nikautia mfukoni na kurudi nyumbani Lindi nikiwa na raha, naona yadi ni yangu.

Mlangoni nilimkuta jirani yangu, Mama Atieno, ameshika kichwa. Aliniambia Wycliffe amepita hapo mbio, akilia machozi, akasema nikifika tu niambiwe: "Mathe, presha imeshuka kabisa. Hali ni mbaya." Tena alikuwa ameniachia nauli ya basi la Kakamega.

Wasomaji, mama yangu mzazi ni mgonjwa wa presha. Anameza dawa kila siku ya Mungu, na kule kwake hakuna simu ya kumpigia. Wewe ukiambiwa hivyo, na mtu analia, na nauli umewekewa, utawaza gari? Mimi hata chai sikunywa. Nilipanda basi la usiku la Kakamega na nguo za kazi, na ule mpira bado uko mfukoni.

Njia nzima nilikuwa naomba. Mungu, nimkute. Nimkute tu...

Nikamkuta shambani! Amekunja leso, anapalilia maharagwe na kuimba. Aliponiona na hizo nguo za oil aliangusha jembe, akaniuliza ni nani amekufa. Nilikaa chini kwa mchanga nikalia kama mtoto. Nilipomweleza Wycliffe amesema nini, hakukasirika hata kidogo. Alisema kijana wa watu amesikia vibaya mahali, na kama alilia basi ni mapenzi. Akasema, "Huyo ni mtoto wangu kweli."

Hakuniachilia mpaka nilale huko, na siku ya pili pia akanishikilia mpaka jioni. Nilimwambia nina kazi ya Jumamosi, akaniambia kazi haiishi, Wycliffe si yuko? Nami moyo wangu ulikuwa umetulia, nikasema kweli, Wycliffe yuko, na amri ya kutowasha gari anaijua. Jumamosi jioni mama alinifungia kuku, jogoo mkubwa, akaniagiza kitu kimoja: imondo apewe Wycliffe.

Imondo ni firigisi. Kwetu Ubuluhyani kuku akichinjwa, firigisi haiendi kwa mtu yeyote hivi hivi. Ni ya mwenye boma, ama mgeni wa heshima. Mimi ndiye mkubwa, kwa hivyo ilikuwa ni yangu. Lakini mama alisema mwaka huo ni ya Wycliffe, kwa sababu alimlilia akiwa bado mzima.

Nilifika Lindi Jumapili asubuhi. Wycliffe akaja mchana, akashtuka kuniona ninacheka. Akauliza mathe yuko aje. Nikamwambia mathe ni mzima, ulisikia vibaya, na amekutumia kuku. Alisema, "Shukuru Mungu." Tukachinja, tukapika, na mimi na mkono wangu nikatoa imondo kwa sufuria nikaiweka kwa sahani yake. Nikamwambia maneno ya mama, neno kwa neno.

Akaila. Aliitafuna pole pole, akalamba vidole. Sikujua kitu.

Jumatatu nilifika kazini na mpira wangu mfukoni. Mathe haikuwa pale. Baada ya muda naiona inaletwa, imefungwa kamba, inavutwa na lori, na Bwana Kamau anatembea kando yake kama mtu anayesindikiza maiti. Aliponiona alinijia na matusi ambayo siwezi kuandika hapa.

Ndipo yote yakatoka kwa mafundi waliokuwepo. Ijumaa, mimi nikiwa nimekaa na mama jikoni, Wycliffe alifuta ile chaki, akakaza kifuniko, akamwaga oil ya engine na kujaza oil ya gia, ile nzito kama asali. Ukitia uzito kama huo mshale unasimama hata kama engine inakufa. Jumamosi akamwita Bwana Kamau, akamwonyesha geji. Presha imepanda! Akapewa funguo za yadi hapohapo. Lakini oil nzito haikufika ndani. Jumapili jioni, Bwana Kamau akiwa Ngong Road na marafiki zake, engine ikalia mara moja na kukwama. Ikaisha. Na Wycliffe alikuwa na jibu tayari: Ben ndiye alifungua engine, Ben akaiharibu, Ben akatorokea ushago!

Nilitoa ule mpira mfukoni nikamwonyesha Bwana Kamau. Hakuutazama. Alisema nimeharibu mali yake halafu namletea takataka.

Nikamgeukia Wycliffe. Nilimwuliza mbele ya mafundi wote, kwa nini ulisema mama anakufa? Mnajua alijibu nini? Alipanua mikono, akatabasamu. "Bro, si nilisema mathe? Mathe si ni gari? Wewe ndiye ulielewa vibaya."

Na watu wakacheka! Walicheka wakishika mbavu, wakaona ni mjanja. Mimi niliokota spana zangu nikaondoka. Kwa sababu nani huacha nauli ya Kakamega ili mtu akaone gari iliyo Kawangware? Nani hulilia gari? Na kama ilikuwa ni gari, wewe mnyama, ile imondo uliila ya nini?

Wycliffe naye alinyang'anywa yadi baada ya hapo, maana gari aliyosema imepona ilikufa, lakini mimi jina langu liliisha Kawangware. Hakuna mwenye gari aliyeniamini tena. Siku hizi natengeneza mashine za kusaga unga huko Sarang'ombe, papa hapa Kibera. Nakula, nashukuru.

Ndugu zangu, mkitaka kuiba kazi ya mtu, iibeni. Danganyeni tajiri, danganyeni geji. Lakini nawasihi, msimtie mama wa mtu mdomoni! Na wewe msomaji, ukiletewa habari ya ugonjwa na mtu mmoja tu, mtafute mwingine akuhakikishie kabla hujaacha kazi yako mikononi mwa huyo aliyeileta.

Mama hajui kitu mpaka leo. Nimwambieje? Presha yake itapanda, tena ya kweli, na Wycliffe analijua hilo. Krismasi iliyopita alikuja nyumbani na shati jipya, akamkumbatia mama, akaitwa mtoto mzuri. Mama alichinja. Akaniangalia mimi mkubwa kama kuniomba ruhusa, halafu akaiweka imondo kwa sahani ya Wycliffe.

Wycliffe alinitazama machoni, akaanza kutafuna. Mama akasema haina chumvi ya kutosha. Nikamsogezea Wycliffe chumvi.