Aliyeitika Nyuma ya Wageni

Wageni walikuwa watano, lakini walioitika walikuwa wawili.

Katika hifadhi ile ya kinamasi, mwongozaji hutangulia, macho yake kwenye njia ya mbao inayoteleza. Ukungu ukishuka huita, "Wa mwisho?" Mgeni wa nyuma kabisa hujibu, "Nipo." Basi.

Siku hiyo wa mwisho alikuwa mpiga picha mnene. "Nipo," alijibu, "ila kiatu changu kimeomba likizo." Wenzake wakacheka. Kicheko kilipokwisha, sauti nyingine, ya chini, ikasema kutoka nyuma yake: "Nipo."

Mwongozaji aliijua. Mumewe ndiye aliyekuwa akifunga msafara miaka yote, hadi mwaka jana alipoteleza akimnasua korongo, tope likamfunika. Hakupatikana. Mwongozaji alipaswa kunyamaza. Hamu ikamshinda, akaita tena: "Wa mwisho?"

"Nipo, mke wangu."

Tangu hapo aliita hata jua likiwaka. Kila siku sauti ilisogea karibu zaidi, na harufu ya maji yaliyolala ikaja nayo. Kerengende wakahama. Vyura wakanyamaza. Kisha alasiri moja, ukungu ukiwa umewafika kiunoni na wageni wakiinamia vijimea vinavyonasa nzi kwa matone ya gundi, sauti ile ikasema kando ya njia, "Njooni huku, ni karibu," na bibi mmoja mpole akageuka kama aliyeitwa na ndugu, akainua mguu, akautua nje ya mbao, akazama hadi pajani huku akitabasamu, na mwongozaji akamkamata kwa koti, akavuta, akavuta, huku kitu kilichokuwa chini kikivuta pia, hadi akamtoa.

Jioni alimsimulia mama mkwe wake jikoni.

"Ni yeye, mama. Ningemjua hata usingizini."

"Alisemaje?"

"Njooni huku."

Mama mkwe akaweka kisu chini. "Mwanangu alikuwa akimfunga paka kamba asikaribie tope. Leo awaite watu watoke mbaoni? Hilo ni jini, binti yangu. Limevaa sauti yake."

"Lakini ndiyo sauti pekee iliyonibakia."

"Najua. Na mimi vilevile."

Asubuhi walifika wawili mwisho wa njia. Mama mkwe akasoma dua, akakohoa, akasema, "Mwanangu amekufa. Sijapata kulitamka hilo. Wewe si yeye. Ondoka."

"Mama," sauti ikajibu miguuni pao, "nina baridi."

Kikongwe akayumba. Mwongozaji akamshika kiuno, akasema kwa shida, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe, "Hatuna mtu humu. Ondoka."

Maji meusi yakatoa kiputo kimoja kikubwa. Kimya. Halafu chura mmoja akalia, na mwingine.

Usiku walikaa mezani. Nyumba ilikuwa shwari.

"Hebu nikumbushe," mama mkwe akasema. "Akiingia mlangoni, alikuwa anasemaje vile?"

"Alikuwa anasema, 'Wenyewe mpo?'"

"Maneno ninayo, binti yangu. Nataka sauti yake ilivyokuwa."

Mwongozaji akafumba macho, akasikiliza ndani yake. Aliuona mlango, akauona mdomo wa mumewe ukifunguka. Haukutoa kitu.

"Mama," alinong'ona, "hata mimi siisikii."