Usinishike Sijakuita

Saa za kutoka kazini, kituo cha mafuta cha pembeni mwa mto, pale Kaohsiung, hujaa skuta mpaka zinafunga barabara. Watu wamevaa majaketi nyuma mbele kukinga upepo, mifuko ya chakula inaning'inia kwenye mishikio, kila mmoja na haraka zake. Kuo Po-yen alikuwa katikati ya foleni hiyo, juu ya skuta kuukuu ya babu yake, magoti yamepanda karibu yaguse kidevu. Alikuwa kijana mrefu, fundi wa miwani, mwenye shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe.

Akasikia mngurumo mzito ubavuni. Akageuka. Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari, ile aina ya kupandia milima, imeinuka juu, pana kifuani, masanduku ya chuma kila upande. Juu yake amekaa msichana mfupi, helmeti nyeupe, skafu ya manjano shingoni, kama yangeyange aliyetua mgongoni mwa nyati.

Ilipokaribia kusimama, msichana akasogeza nyonga kushoto. Mguu mmoja ukagusa lami, mwingine ukabaki juu ya breki. Taratibu, bila kuyumba. Lakini Po-yen hakuuona mguu ulio chini. Aliuona ule ulio juu, na moyo ukamruka.

"Dada, unaanguka!" Akaitupa skuta yake, akaudaka mshikio wa kulia na kuuvuta kwake kwa nguvu zote.

Hapo ndipo pikipiki ilipoanguka kweli.

Foleni nzima ikageuka. Msichana alikuwa ameruka pembeni, mzima. Akavua helmeti. Uso wa mviringo, nywele fupi zimelowa jasho, macho yamemkazia Po-yen.

"Nani amekuita?"

"Nilidhani... mguu wako ulikuwa hewani."

"Mmoja. Mwingine ulikuwa chini. Hii haihitaji miguu miwili, kaka. Inahitaji mtu anayejua anachofanya."

"Kaka mrefu, umeangusha nyati wa watu!" mhudumu wa pampu akapiga kelele, na foleni ikacheka.

Po-yen akainama ili ainue. Msichana akamzuia kwa kidole kimoja. Akageuza usukani mpaka mwisho, akaifungua stendi, akaipa pikipiki mgongo. Akachuchumaa mpaka mapaja yakaegemea kiti, mkono mmoja kwenye mshikio, wa pili kwenye chuma cha nyuma, akaanza kurudi kinyumenyume kwa vihatua vidogo vidogo. Hakutumia mikono, alitumia miguu ile ile ambayo Po-yen alikuwa ameihurumia. Lile dude likainuka, likasimama, likajiegemeza kwenye stendi yake kama mtoto aliyeambiwa kaa.

"Petroli ya tisini na tano, jaza," akamwambia mhudumu, hata pumzi haikumpanda.

Po-yen hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Akasahau hata skuta yake iliyolala chini.

"Nikununulie chai ya baridi?"

"Umekunja mkono wangu wa breki, unanipa chai? Jumamosi asubuhi, kwa Fundi Hung, nyuma ya soko la Yancheng. Uje na mikono yako, lakini uiweke mfukoni."

Alikwenda, na mikono ilikuwa mfukoni kweli. Msichana alipomwona amesimama hivyo alicheka mpaka akajishika mbavu, na hapo ndipo mapenzi yao yalipoanza.

Jina lake Chiu Ya-chin, mwalimu wa chekechea, ambaye watoto wakubwa wa darasa lake walikuwa wanamfika kifuani. Kila Jumapili alifundisha wanawake wenzake chini ya daraja, kwenye uwanja wa kuegesha magari: muuza maua, karani wa benki, mama wa watoto mapacha, wengi wao wafupi kama yeye, kila mmoja na pikipiki ambayo maduka yalimwambia haimfai. Po-yen alikaa kwenye ukingo wa saruji akiwatazama. Ya-chin alizunguka koni za plastiki, usukani umekatwa mpaka mwisho, macho mbele, lile dude la chuma likimtii kama kitambaa mikononi mwa mshonaji.

"Msitazame chini!" alikuwa akiwaambia. "Ukitazama chini utakwenda chini. Chagua mguu wako mapema, halafu uuamini."

Wakati wa kazi walipigiana simu kwa kuibia.

"Mlingoti, umekula?"

"Bado, Mwalimu. Kuna bibi hapa hataki miwani inayomwonyesha mikunjo yake."

"Mpe ya mume wake."

"Nakupenda."

"Sema kwa sauti, bibi asikie."

"Mwalimu, bosi ananitazama!"

"Basi hunipendi."

"NAKUPENDA!" Na duka zima likageuka.

Ya-chin alikuwa na jambo moja moyoni mwake. Mwishoni mwa mwezi angewaongoza wanafunzi wake kuvuka milima hadi Taitung, kupitia kilele cha Yakou, kule mawingu yanakolala barabarani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huko na pikipiki yake. "Wakinifuata wakafika," alimwambia Po-yen, "hawatamwomba mtu ruhusa tena maisha yao yote."

Aliyeogopa alikuwa mama yake. Mama Chiu, mjane, aliuza supu ya samaki mwatiko asubuhi pale Yancheng. Kila mwaka alikwenda hekalu la Mazu, mungu wa kike wa bahari, kuleta kifuko chekundu cha dua, akakifunga kwenye mshikio wa ile pikipiki kwa mkono wake. Siku moja, Ya-chin akiwa semina Taipei, mama huyo akamwekea Po-yen bakuli la supu na kukaa mbele yake.

"Unampenda mwanangu?"

"Nampenda, mama."

"Basi lishushe kimo lile dude. Yeye akitoka, mimi nachoma ubani mpaka macho yananiwasha. Miguu haifiki chini, Po-yen. Kule juu kuna mawe na upepo. Akijua ni mimi atanuna. Wewe fanya kimya kimya." Machozi yakamtiririka.

Machozi ya mama mtu mzima ni kitu kizito. Po-yen akachukua funguo, na Fundi Hung akaja na gari lake kuipakia pikipiki.

"Mwenyewe anajua?" Hung akauliza.

"Anajua," Po-yen akajibu. Uongo ule ulimtoka upesi kuliko alivyotaka.

Hung akashusha shokapu za mbele na za nyuma. Kisha akagonga stendi kwa spana. "Na hii lazima ikatwe. Pikipiki imekuwa fupi, stendi imebaki ndefu. Haitainama tena, itasimama wima kama askari. Ikiguswa kidogo tu, imeangukia upande wa pili."

"Ukikata na kuchomelea itaonekana?"

"Kovu litaonekana, ndiyo."

"Basi iache."

Na ili Ya-chin asistuke akikuta miguu yake imefika chini, Po-yen akanunua viatu vya safari vyenye soli nene. Ya-chin aliporudi kutoka semina akampa, vimefungwa utepe.

"Mlingoti wangu!" Ya-chin akaviweka kifuani. "Kumbe unajua namba yangu."

Mama Chiu akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Viatu? Mpenzi hapewi viatu bure, atavivaa aondoke navyo! Ya-chin, mlipe sarafu moja, iwe kama umenunua."

"Kesho, mama. Nimechoka na treni."

Kesho yake ilikuwa siku ya safari. Wanawake walikutana kwa Mama Chiu kunywa supu kwanza, pikipiki zao zimepangwa ukingoni mwa barabara zikimeta. Ya-chin alifika wa mwisho, jaketi la kijivu, skafu ya manjano, viatu vipya. "Leo najiona mrefu," akamwambia Po-yen akicheka, "soli zako hizi ni uchawi." Akaegesha, akashusha stendi, akasogea mbele kuwaeleza njia.

"Wenzangu, kule juu tusishindane. Kila mtu na mwendo wake..."

Lori la barafu likapita. Upepo wake ulikuwa mdogo tu. Pikipiki ya Ya-chin, iliyosimama wima kama askari, ikatikisika, ikaenda upande wa pili, ikaiangukia ya muuza maua, nayo ikaangusha ya karani. Kishindo, vioo, supu chini.

Ya-chin hakupiga kelele. Alichuchumaa, akatazama stendi, akatazama shokapu, akatazama soli za viatu vyake. Wanafunzi wake walikuwa wamesimama nyuma yake, nyuso zimewashuka. Muuza maua akasema polepole, "Kama ya Mwalimu inaanguka ikiwa imesimama, za kwetu itakuwaje?"

"Nani ameigusa?"

Po-yen alimwona Mama Chiu akiukamata ukingo wa meza, mdomo unafunguka aseme. Akamtangulia.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa usije ukaanguka."

"Pale kwenye mafuta uliniangusha kwa kunishika. Leo umeniangusha mbele ya watu walioniamini." Sauti ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyouma. "Siku zote ulikaa pale darajani unanitazama. Ulikuwa unaona nini, Po-yen? Mtoto aliyepanda kiti cha mkubwa?"

Akaketi, akavua viatu, akavipanga mbele yake. Akavaa kandambili za mama yake. Safari ikavunjika.

Po-yen alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukusomwa. Alikata lenzi za watu vibaya mpaka bosi akamwambia akapumzike. Vile viatu aliviacha pale pale kwa Mama Chiu. Jina la yule mama hakulitaja kwa mtu yeyote, hata kwa Fundi Hung aliyemfokea nusu saa nzima.

Lakini mjane aliyezoea kusali hawezi kukaa na uongo tumboni muda mrefu. Asubuhi moja Mama Chiu alimpigia yeye mwenyewe.

"Mwanangu, nimemwambia yote. Kwamba nililia, kwamba nilikutuma."

"Mama, kwa nini? Atakukasirikia na wewe."

"Ameshanikasirikia. Amenuna siku tatu, halafu akanikumbatia. Sasa piga simu, mlingoti wewe, nimechoka kumwona anaikoroga supu bila kuinywa."

Akapiga. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Mwalimu, umekula?"

"Sema ulichopigia."

"Hung yuko tayari kuirudisha ilivyokuwa. Sijagusa kitu. Naomba ruhusa."

"Nikikataa?"

"Itabaki hivyo."

"Mama alikutuma. Lakini ulimwambia Hung kwamba najua. Hilo hakukutuma."

"Hapana. Hilo ni langu. Nisamehe."

"Jumapili, chini ya daraja. Mje wewe na Hung, na spana. Utashika utakapoambiwa."

Wanawake wote walikuja, hata muuza maua na kioo chake kipya. Po-yen alishika spana alipoambiwa, akaiacha alipoambiwa. Pikipiki ikapanda tena kimo chake. Kisha Ya-chin akaelekeza kidole kwenye pikipiki kuukuu ya mazoezi iliyolazwa chini.

"Inua ile, kaka mrefu."

Akainama, akavuta kwa mikono, mishipa ya shingo ikamtoka. Haikusogea. Mama wa mapacha, ambaye kichwa chake kilimfika Po-yen kwapani, akamsukuma pembeni. "Pisha, baba." Akaipa mgongo, akarudi kinyumenyume, ikainuka. Uwanja mzima ukapiga makofi, Po-yen kwa nguvu kuliko wote. Ya-chin alimtazama akipiga makofi yale, na kitu fulani usoni mwake kikalegea. Alipanda lile dude refu, mguu mmoja chini, mmoja juu, akaliendesha kati ya koni polepole kuliko mwendo wa mtu anayetembea, bila kugusa hata moja. Nyuma yake wakaingia wenzake, mmoja mmoja, macho mbele.

Safari ikapangwa upya. Asubuhi ya safari wote walipita kituo cha mafuta cha pembeni mwa mto, na Po-yen alikuwepo na skuta yake kuwaaga. Ya-chin aliingia wa kwanza. Akasogeza nyonga, mguu wa kushoto ukashuka, wa kulia ukabaki hewani.

"Kaka mrefu, mshike huyo!" yule mhudumu wa pampu akapaza sauti.

"Hajaniita," Po-yen akajibu, mikono nyuma.

Ndipo akaona mguu ule uliogusa lami umevaa kiatu kile alichompa.

Ya-chin akafungua kioo cha helmeti, akanyoosha ngumi. "Lete mkono." Akamwekea sarafu kiganjani, bado ina joto la glavu. "Ya viatu. Nimenunua. Sasa havitaniondoa kwako."

Po-yen akaikunja ile sarafu kiganjani.

"Mwalimu, naomba ruhusa niulize jambo."

"Uliza, foleni inatutazama."

"Nikuoe?"

Ya-chin akatazama mbele, kama alivyowafundisha wenzake, kule barabara inakoelekea milimani. Kisha akamgeukia, macho yamejaa maji.

"Ndiyo. Lakini shokapu ni zangu."

"Ni zako!"

Honi zikalia nyuma. "Dada Ya-chin!" muuza maua akapiga kelele. "Mtaoana mkifika, geti la barabara ya mlimani litafungwa!"

"Helmeti yako iko wapi?" Ya-chin akamuuliza.

"Kwenye skuta."

"Ivae, upande nyuma."

Akapanda, miguu mirefu imekunjwa kila upande, mikono ameiweka juu ya magoti kwa adabu, hajui aifanyeje. Uzito ukaongezeka, kimo kikaongezeka, na mguu ule mmoja mfupi ukaubeba wote bila kutetemeka.

Ya-chin akawasha injini.

"Nimekuita, Mlingoti," akasema. "Nishike."