Moyo wa Baba, Lawama kwa Baba Mdogo

Kinyozi alikuwa mwembamba kama ufito, na wembamba wake aliuringia. Wateja wanene wakikaa kwenye kiti chake, aliwatania bila huruma. "Mzee, hicho kitambi kitakuzika." Yeye mwenyewe alikula vya kukaanga asubuhi, vya kukaanga jioni, na katikati akavuta sigara tatu nne mlangoni. "Mimi sinenepi," alisema. "Mafuta yananipita tu."

Jumamosi moja alikuwa akimnyoa ndevu tabibu wa zahanati ya mtaa. Aliinama karibu, wembe mkononi. Tabibu akamtazama usoni, akamtazama tena.

"Hizo alama za njano kwenye kope zako unazo tangu lini?"

"Hizi? Hizi za ukoo," Kinyozi akajibu. "Baba alikuwa nazo. Dada yangu pia alikuwa nazo."

"Alikuwa?"

"Wote wametangulia. Dada alianguka sokoni mwaka juzi, hakuamka. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Baba alikufa na arobaini na saba."

"Baba aliugua nini?"

"Hakuugua. Alikunywa chai kwa baba mdogo, akatoka, akaanguka njiani. Aliwekewa kitu."

Alimaanisha sumu. Ndivyo ukoo mzima ulivyosema kwa miaka ishirini. Lisemwalo lipo, walisema, na kwa methali hiyo moja wakamhukumu mtu bila ushahidi. Baba mdogo hakualikwa harusini wala hakukaribishwa msibani. Mazishi ya dada aliyatazama kwa mbali, amesimama peke yake.

Tabibu hakubishana. Alingoja ndevu ziishe, akajifuta uso. "Kweli kinyozi hajinyoi. Unaona nyuso za watu wote, wako huuoni. Jumatatu asubuhi njoo nikupime kolesteroli."

"Mwembamba huyu?"

"Mwembamba huyo huyo."

Kinyozi alikwenda ili tu amnyamazishe Tabibu. Majibu yalipotoka, aliyenyamaza ni yeye. Kolesteroli yake ilikuwa juu sana.

"Kolesteroli ni aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu," Tabibu alimweleza. "Mwili unayahitaji, lakini kwa kiasi. Yakizidi, yanajijenga kwenye kuta za mishipa mwaka baada ya mwaka, na njia ya damu inazidi kuwa nyembamba. Hayaumi, hayawashi. Mshipa wa moyo ukija kuziba, mtu anaanguka."

"Si ugonjwa wa wanene?"

"Ni wa yeyote. Wengine wanaupata kwa chakula na kukaa tu bila mazoezi. Wengine wanaurithi, hata wakiwa kama wewe. Si kila mwenye alama za njano anao, lakini kwenu kuna vifo viwili vya ghafla, na kipimo chako ni hiki. Baba yako siwezi kumpima leo. Ila mtu wa namna hiyo anaweza kuanguka baada ya chai, baada ya maji, hata baada ya kucheka."

Kinyozi alishikwa na aibu kubwa, na aibu ile ilimtisha kuliko ugonjwa.

Tabibu akampa vidonge. "Kimoja kila siku. Usiache hata ukijisikia mzima, hata kipimo kikishuka, mpaka tuzungumze. Sigara, acha kabisa. Punguza vya kukaanga. Ngozi ya kuku na mafuta ya nyama weka kando. Kula maharage, mboga, matunda, samaki. Tembea nusu saa kila siku. Na watu wote wa damu yako wapimwe. Watoto wako, na huyo baba yako mdogo."

Jioni hiyo Kinyozi alikwenda kwa baba yake mdogo, fundi baiskeli. Alimkuta ameketi nje akiziba mpira uliotoboka.

"Shikamoo, baba mdogo."

Mzee alimtazama kwanza. "Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukwambia ukapimwe. Kuna ugonjwa kwenye damu yetu."

"Kolesteroli," mzee akasema. "Naijua. Nameza vidonge, huu mwaka wa nane."

"Ulijua?"

"Nilikuja kuwaambia. Daktari aliniandikia barua, kwamba ukoo wote upimwe. Wewe ndiye uliyenifungulia. Dada yako alikuwa nyuma yako, amembeba binti yake. Ukasema muuaji hana barua ya kutuletea, ukafunga mlango." Akaendelea kuusugua ule mpira.

Kinyozi alikumbuka. Alikumbuka hata jinsi alivyojisifia jambo lile saluni, na wateja wakacheka. Baada ya siku ile dada yake aliishi miaka sita.

"Nisamehe, baba mdogo."

"Meza dawa zako," mzee akajibu. "Hayo mengine sijui."

Alipofika nyumbani alimsimulia mama yake yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Kwa hiyo mwanangu angekuwa hai?"

"Huenda, mama. Huenda."

Mama alilia mpaka sauti ikamkauka.

Miezi sita ikapita. Sigara ilimtesa Kinyozi, lakini aliiacha. Sufuria ya kuchemshia ilichukua nafasi ya kikaango. Kolesteroli yake ilishuka karibu nusu, na dawa hakuacha. Wanawe wawili walipimwa, wakakutwa salama. Binti wa marehemu dada yake, mwenye miaka tisa, alikutwa na kolesteroli ya juu.

"Tumemwahi," Tabibu alisema. "Akifuata masharti ya chakula, na dawa daktari wa watoto atakapoona inafaa, ana nafasi nzuri ya kuzeeka."

Bibi yake, mama wa Kinyozi, ndiye aliyempeleka hospitali kubwa, na Kinyozi akawasindikiza. Muuguzi alikuwa akijaza fomu.

"Kuna mwingine kwenye ukoo mwenye tatizo hili?"

Kinyozi alifungua kinywa, mama akamtangulia. "Yuko shemeji yangu, fundi baiskeli. Yeye alijua kabla yetu sote. Alikuja kutuambia, tukamfukuza, na mama wa mtoto huyu akafa. Andika hivyo hivyo."

"Mama, hapa hakuna nafasi ya maneno yote hayo."

"Basi geuza karatasi," mama akasema, "uandike nyuma."