Nepi Iliyosema Mtoto Mkavu

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe kumi na tisa Machi, mwaka 2091, asubuhi. Nepi ya Mwanahawa ilisema kwa ile sauti yake ya upole, "Mtoto mkavu," na mtoto mwenyewe analia mpaka sauti inamkauka.

Ilikuwa nepi-hisi, ya Idara ya Malezi ya Jiji la Korogwe. Ndani yake mna vihisio vyembamba kama utando wa buibui. Vikigusa mkojo, nepi inaunyonya, inapuliza hewa, kisha kufuli ya kiunoni inaachia ili mtoto abadilishwe. Visipogusa kitu, haifunguki ng'o. Wakubwa walisema mikono ya wazazi ndiyo inayoleta vijidudu. Wakapiga marufuku nepi za kitambaa, na mtoto asiyevaa nepi-hisi hapokelewi kwenye kituo cha kulelea watoto. Sasa Semboja, baba yake Mwanahawa, angefanyaje? Mkewe alifariki akimzaa huyo huyo Mwanahawa. Bila kituo, nani amshikie mtoto yeye akiwa kiwandani kwenye mkonge?

Jirani yake, Bi Tabu, aliingia bila hodi.

"Baba Mwanahawa, huyu hana njaa. Huyu anaungua."

"Nepi inasema mkavu, Bi Tabu."

"Nepi imezaa wangapi?"

Semboja akaipigia Idara. Kwenye skrini akatokea Mhandisi Kihiyo, shati limenyooka, chai mkononi.

"Huku tunasoma kijani, mzee. Usiikate. Ukiikata, mtoto anafutwa kituoni."

"Analia tangu jana."

"Watoto hulia."

Semboja akangoja, kama alivyoambiwa. Jioni mtoto akaacha kulia, akawa wa moto kama chungu. Hapo Bi Tabu hakuuliza tena. Akachukua kisu cha mkonge, akaikata ile nepi.

Harufu ya mkojo uliolala iliwatoa machozi. Mapajani ngozi ilikuwa imebabuka, ikabaki kwenye nepi.

Hospitalini muuguzi alieleza polepole. Mkojo ukikaa unailainisha ngozi ya mtoto. Ikilainika inachubuka, na pale ilipochubuka vijidudu vinapita kama mlango uko wazi. Vya Mwanahawa vilishafika kwenye damu. Kisha muuguzi akapitisha kidole ndani ya ile nepi waliyokuja nayo, kikateleza.

"Ulimpaka nini?"

"Mafuta ya nazi. Kila nikimwogesha, ndipo namvisha. Kwani mtoto hapakwi?"

Mafuta yalivifunika vihisio, vikawa vipofu. Mkojo ulipita juu yake bila kuonekana.

Mwanahawa alizikwa Alhamisi, kando ya mama yake.

Siku ya kikao cha kuchunguza kifo hicho, Idara ilileta watu sita na maji ya chupa. Mhandisi Kihiyo akasema nepi haikuwa na hitilafu; mtumiaji ndiye aliyekosea. Na tangazo walikuwa nalo tayari: kuanzia siku ile ni marufuku kumpaka mtoto mafuta. Nepi zenyewe ziendelee.

Semboja akasimama. Hakupandisha sauti.

"Mhandisi, wewe ni mtoto wa hapa hapa Korogwe. Mama yako alipokuogesha, alikupaka nini?"

Kihiyo akatazama chupa yake ya maji. Mwenyekiti akasema muda umekwisha.

Watu wakatoka. Semboja akabaki amesimama, anangoja ajibiwe. Alikupaka nini?